Bahasha Iliyotunzwa Kama Chanjo

Sehemu ya kumi na moja

Wiki iliyopita uliniacha ndani ya chumba cha baridi, mlango umefungwa kwa nje, bahasha ya kahawia mkononi. Wewe ukakunja gazeti ukaenda zako kula. Mimi nikabaki kwenye nyuzi nne na shati la mikono mifupi.

Sikulaumu. Wa kulaumiwa wana ofisi zenye mapazia.

Kwa anayeanza leo nitaeleza kwa kifupi, maana meno yanagongana. Mimi ni fundi wa mafriji katika ghala la chanjo la serikali, wananiita Fundi Baridi. Ndani ya ile bahasha kuna hati ya malipo, fungu la nchi yetu katika kununua chanjo za mwaka mzima. Mpango uko hivi: katika kila chupa tano, moja tunanunua sisi, nne wananunua wafadhili. Sisi tusipolipia ile moja, wao wanakaa na nne zao. Na kila mwaka wanatuandikia kwamba tumeshakua, nchi ina kipato cha kati, tuongeze kidogo. Hicho kipato cha kati mimi nimekitafuta mpaka chini ya godoro sijakiona.

Bahasha ilikuwa imepotea wiki tatu. Kutengeneza hati mpya ni wiki sita, maana kila meza inataka kuilalia. Na dirisha la malipo kule Hazina linafungwa leo saa tisa alasiri, mwisho wa mwaka wa fedha. Likifungwa, basi.

Mkurugenzi wetu alikuwa ameshatangaza kwamba mwizi ni mimi, kwa sababu fundi huingia kila ofisi.

Hayo ya wizi ningeyavumilia. Lakini nyumbani kuna mchumba wangu wa miezi tisa na wiki mbili, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pekee. Mara mbili amepelekwa kliniki kuchomwa sindano ya surua, mara mbili amerudishwa: chanjo hakuna, mama, jaribu wiki ijayo. Surua imeshaingia nyumba tatu mtaani kwetu. Ile ya tatu tunachangia nayo ukuta.

Sasa bahasha ninayo. Nimeikuta rafu ya tatu, mahali ilipokuwa ikikaa chanjo ya surua, imetulia kama mgeni aliyetandikiwa kitanda. Na mimi nimefungiwa nayo.

Nikapapasa mlango. Vyumba hivi huwa na kitasa cha dharura kwa ndani, mtu asije akagandia humo. Nikapapasa juu, nikapapasa chini. Kitasa hakipo.

Nani alikiondoa? Mimi. Mwaka jana friji ya kliniki moja ilikatika komeo, nikaomba kipuri, nikajibiwa fungu halipo. Nikang'oa huku nikapachika kule. Niliandika barua tatu kuwakumbusha. Walizijibu kwa kunipa barua ya onyo kwa kuandika barua nyingi.

Nikapiga kelele. Mlango ni mnene kama godoro, sauti ilirudi ikanikalia miguuni. Nikapiga mateke. Kimya.

Ndipo nikakiona kipimajoto. Waya mrefu wenye ncha ya chuma, umening'inia ukutani. Joto likipita nyuzi nane, king'ora kinalia uani, kinalia koridoni, kinalia mpaka kwenye simu ya mezani ya mtunza ghala. Kwetu pale mtu akilia anaambiwa apange foleni. Chanjo ikipata joto, watu wanakimbia bila viatu.

Nikaichukua ile ncha nikaitia kwapani.

Ilikuwa baridi mpaka nikamkumbuka marehemu bibi yangu. Nikabana mkono, nikahesabu. Nilipofika arobaini na moja, king'ora kikapasuka. Utamu wa ile sauti sijui niufananishe na nini. Nikasikia miguu, nikasikia funguo, nyingi, zinapigana kama vijiko kwenye sinia.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Mama Funguo, mtunza ghala.

Huyu mama ni mnene, mfupi, mjane, na hajawahi kuvunja kanuni hata moja tangu aajiriwe. Kiunoni ana funguo ishirini na mbili. Mkononi ana daftari la joto. Alinitazama mimi, akautazama ule waya, akaufuata kwa macho mpaka ulipoishia.

"Fundi," akasema. "Umeweka nini kwapani?"

"Kipimajoto."

"Kinasoma thelathini na sita."

"Basi sina homa."

"Sasa mimi hapa nitaandika nini?"

"Andika kwamba ulifungia mtu."

Akafungua daftari, akapitisha kidole juu ya mistari. "Hakuna safu ya mtu," akasema. "Kuna chanjo, kuna vimiminika, kuna mengineyo. Nikuweke kwenye mengineyo?"

"Kwa nini ulinifungia, mama?"

"Mlango hauruhusiwi kukaa wazi zaidi ya dakika moja. Niliuliza kuna mtu, ukanyamaza."

"Nilikuwa nyuma ya rafu nasoma hii bahasha."

"Wewe umejua kusoma lini?"

"Darasa la nne linatosha kusoma neno Hazina."

Hapo akaitazama bahasha kwa mara ya kwanza. Nilitegemea atashtuka. Hakushtuka hata kidogo.

"Aa, hiyo," akasema. "Hiyo ni yangu. Naitunza. Irudishe kabla haijapata joto."

Msomaji, nilikaa chini sakafuni. Ilikuwa baridi kama barafu, lakini nilikaa.

Nchi nzima inatafuta bahasha. Droo zimepinduliwa, wafagizi wamepekuliwa mifuko, mimi nimeitwa mwizi mbele ya wenzangu. Na huyu mama anaitunza.

"Uliipata wapi?" nikauliza.

"Ililetwa. Ina nyota ya baridi."

Kweli, mdomo wa bahasha ulikuwa umebandikwa vibandiko vitatu vya buluu vyenye picha ya theluji. Ni vibandiko tunavyoweka kwenye makasha ya chanjo, na kanuni yake ni moja: chenye nyota ya baridi kisikae nje zaidi ya dakika tano, kiingizwe kwanza, maswali baadaye.

Wakati huo karani wa malipo naye alikuwa amefika, kafuata king'ora. Kijana mrefu, tai fupi. Alipoviona vile vibandiko akageuka kijivu.

"Karani," nikamwita. "Vibandiko hivi nani kaviweka?"

"Mzee, gundi ilikwisha tangu mwezi wa pili," akasema. "Niliomba. Nikaambiwa gundi haimo kwenye bajeti. Kwenye kabati kulikuwa na vibandiko boksi zima, vinanata vizuri. Nikafunga bahasha, nikampa tarishi apeleke Hazina."

"Na tarishi?"

"Kaenda likizo kesho yake."

Basi tarishi aliona nyota ya baridi, akaacha kwenda Hazina, akakimbilia kwa Mama Funguo kabla dakika tano hazijaisha. Mama Funguo akaipokea, akaiwekea namba, akaipangia rafu. Hakuna aliyefanya kosa. Kila mmoja alifuata kanuni, na kwa kufuata kanuni wakaificha hela ya chanjo ndani ya friji ya chanjo.

"Mama, wiki tatu," nikasema. "Hukumwambia mtu?"

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Niliwaambia kila Ijumaa. Kwenye ripoti." Akafungua mkoba, akatoa karatasi tatu. "Soma mwenyewe, kwa hilo darasa lako la nne."

Nikasoma. *Rafu ya kwanza, chanjo ya kifua kikuu, chupa tisini. Rafu ya pili, matone ya polio, chupa arobaini. Rafu ya tatu, surua, hakuna. Rafu ya tatu, bahasha moja, kahawia, ya Hazina, hali nzuri.* Chini yake saini. Kubwa, yenye mkia unaozunguka kama nyoka aliyeshiba.

Saini ya Mkurugenzi. Ijumaa ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Mtu alizipindua ofisi za watu akitafuta bahasha, na kila Ijumaa alikuwa anatia saini kwamba iko rafu ya tatu na haijambo.

Karani ndiye aliyeanza kucheka. Akashika ukuta. Mama Funguo akasema hakuna cha kuchekesha, kisha bega lake moja likatikisika, kisha la pili, na funguo ishirini na mbili zikaanza kulia zenyewe. Mimi nilicheka mpaka baridi ikanitoka. Tangu nimzike mke wangu sikuwa nimecheka namna ile, na nikajionea haya kidogo, kisha nikaendelea.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Nane na robo."

Kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa.

*

Tukafanya haraka, na haraka ikatuponza. Karani akabandua kibandiko kimoja pale koridoni, akavuta hati nusu, tuhakikishe ni yenyewe. Ni yenyewe. Lakini kitu kilichotoka kwenye baridi kikikutana na joto hutoka jasho, hiyo ni kazi yangu naijua. Karatasi ikaanza kung'aa. Mkurugenzi hutumia kalamu ya wino wa maji, anasema kalamu za kawaida ni za wanafunzi. Ule mkia wa nyoka wa saini yake kwenye hati ukaanza kuvimba.

"Rudisha," nikasema. "Rudisha ndani sasa hivi."

Akairudisha. Mkia ulikuwa umenenepa, ila bado ulikuwa mkia.

"Saini ikiyeyuka Hazina hawaipokei," karani akasema. "Na koti la Mkurugenzi sijaliona kitini leo. Hayupo wa kutia nyingine."

"Iache ipate joto taratibu ndani ya mfuko wa plastiki," akasema Mama Funguo.

"Taratibu ni nusu saa au zaidi, tena imelala kivulini, si juani. Kutembea mpaka Hazina ni nusu saa. Tutafika dirisha limeshafungwa."

Akafikiri. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau. "Basi iende kama chanjo."

Nikakimbilia karakana. Kule nina kisanduku cha buluu cha kubebea chanjo, cha kuning'iniza begani. Kilikuwa cha mke wangu. Miaka kumi na tisa alikibeba nyumba kwa nyumba akichoma watoto sindano, na mkanda wake ulipokatika nilimshonea mwenyewe kwa uzi wa viatu. Alipofariki, mafao yake yalitoka baada ya miezi minane, na barua ikamtaka afike mwenyewe na kitambulisho. Barua hiyo ninayo bado. Kisanduku hawakukidai, nikakihifadhi.

Tukaweka pakiti nne za barafu, bahasha katikati ndani ya mfuko wa plastiki, kipimajoto kidogo juu. Mama Funguo akafunga, akabandika nyota mpya ya baridi, akaandika saa.

"Kisanduku hakitoki bila mtunza ghala," akasema, akajitwisha begani. "Twende."

"Na ghala?"

"Karani atakaa. Karani, usiguse kitu. Usifungue kitu. Ukisikia usingizi, simama."

Gari la chanjo lilikuwepo, zuri, jeupe, halina mafuta. Mafuta yalikuwa kwenye gari la Mkurugenzi, na gari la Mkurugenzi lilikuwa popote alipokuwa Mkurugenzi. Tukaenda kwa miguu.

Sijui kama umewahi kutembea haraka na mtu wa kanuni. Yule mama anakwenda kama treni, kisha kila dakika kumi anasimama, anafungua daftari, anachungulia kipimajoto, anaandika. Mara ya kwanza alisimama mbele ya duka la viatu. Mara ya pili alisimama katikati ya barabara kuu.

"Mama Funguo, magari."

"Nyuzi tano," akasema, akaandika.

Lori likapiga breki. Dereva akatoa kichwa. "We mama, unasoma gazeti hapo?"

Askari wa barabarani akaja mbio, filimbi mdomoni. Akakiona kisanduku cha buluu, akakiona kibandiko cha theluji. Filimbi ikaanguka.

"Ni chanjo hiyo, mama?"

"Ni karatasi," akasema Mama Funguo, maana hadanganyi.

"Ya chanjo," nikaongeza haraka.

"Ya surua? Wangu wa mwisho wamemrudisha mara tatu." Hakungoja jibu. Akageuka, akanyoosha mikono yote miwili, akasimamisha njia nne kwa mpigo. Tukapita katikati ya magari yaliyotulia, yule mama na funguo zake, mimi na mfuko wa vifaa, kama maharusi waliochelewa.

"Unatabasamu nini?" akaniuliza.

"Sijatabasamu."

"Umetabasamu. Sijawahi kuona meno yako. Nilidhani huna."

*

Tuliingia Hazina ikiwa tisa kasoro dakika kumi na moja. Saa hiyo niliisoma ukutani, saa ya duara, juu ya dirisha la malipo. Chumba ni kidogo kama kabati na kina joto la tanuri. Juu pana kiyoyozi kikubwa, kimekaa kimya kama picha ya marehemu.

Nyuma ya kioo yuko mzee mwembamba, leso shingoni, jasho linamtiririka. Wote wanamwita Bwana Dirisha. Na kwenye kiti cha wageni, miguu imepachikwa mmoja juu ya mwingine, yuko nani?

Mkurugenzi.

Mkononi ana barua kwa wafadhili, imeshapigwa chapa. Nilisoma mstari mmoja kichwa chini: *hati iliibwa na mtumishi wa ngazi ya chini ambaye hatua zinachukuliwa.* Alikuwa anasubiri tisa igonge, apate mhuri wa Hazina wa kuthibitisha kwamba hakuna kilicholetwa, amalize kazi.

"Huyu hapa," akasema aliponiona. "Bwana Dirisha, naomba uite mlinzi. Mwizi kajileta mwenyewe."

"Mheshimiwa," Mama Funguo akasema, bila kupandisha sauti, "bahasha haikuibwa. Ilikuwa rafu ya tatu."

"Ujinga gani huo? Rafu ya wapi?"

"Ya chumba cha baridi. Nilikuandikia." Akatoa karatasi zake tatu, akasoma kwa sauti ya kusoma hesabu ya chupa. "Ijumaa ya kwanza. Bahasha moja, kahawia, ya Hazina, hali nzuri. Umetia saini. Ijumaa ya pili. Bahasha moja, kahawia, ya Hazina, hali nzuri. Umetia saini. Ijumaa ya tatu."

"Inatosha," Mkurugenzi akasema.

"Ijumaa ya tatu uliandika na neno pembeni. Uliandika, *hongera, endelea hivyo hivyo.*"

Bwana Dirisha alijifuta uso kwa leso, akakaa na leso usoni muda mrefu kuliko jasho linavyohitaji.

"Nipeni hati," akasema alipotoka nyuma ya leso. "Lazima nilinganishe namba, nilinganishe saini, ndipo nigonge mhuri. Ni dakika tano ikiwa kavu mezani."

"Haitakuwa kavu," nikasema. Nikamweleza: iko kwenye barafu, humu ni tanuri, ikitoka italoa papo hapo na wino utakimbia. "Hewa ya humu ikipoa na kukauka, itapona. Kiyoyozi kina nini?"

"Kimezimwa tangu mwaka juzi. Wanasema ni kibovu. Tumeomba fungu la fundi."

"Kiti," nikasema.

Nikapanda. Nikafungua kifuniko. Vumbi la humo lingeweza kupandwa maharage. Nikatoa chujio, nikalipiga ukutani, nusu ya lile vumbi likamwendea Mkurugenzi na suti yake. Sikukusudia. Nusu nyingine pia sikukusudia.

"Mashine ni nzima," nikasema. "Rimoti iko wapi?"

Bwana Dirisha akafungua droo kwa ufunguo, akaitoa imefungwa kwenye kitambaa. Inakula betri mbili ndogo. Moja ni nzima. Ya pili imeoza, imeliwa na kutu.

Tisa kasoro dakika nane.

"Nani ana betri?" nikauliza. Mkurugenzi akatazama dari. Mimi tochi yangu inatumia zile nene. Bwana Dirisha akapindua droo: kalamu, pini, mihuri ya mwaka uliopita.

Nikamwona mjukuu wangu kapakatwa kwenye benchi la kliniki, na yule muuguzi anatikisa kichwa mara ya tatu. Wiki tatu za kutafuta, barafu, kwapa, barabara, yote tuje kushindwa na betri ya shilingi chache.

Mama Funguo alikuwa anatazama juu ya dirisha.

"Ile saa," akasema, "inakula betri gani?"

Hakungoja ruhusa. Nadhani ndiyo kanuni ya kwanza aliyoivunja maishani. Akavuta kiti cha pili, akapanda, mimi nikakishika.

"Shika kiti," akasema kutoka juu. "Mguu wangu una mwenyewe."

"Nimeshika kiti."

"Basi kiti chako kina kisigino."

Akaishusha saa, akatoa betri, akanirushia. Nikaipachika kwenye rimoti, nikaelekeza juu, nikabonyeza. Kiyoyozi kikakohoa. Kikatema mdudu mkavu. Kisha kikavuta pumzi ndefu na kuanza kupuliza baridi, na Bwana Dirisha akafumba macho akafungua vifungo viwili vya shati kama mtu aliyefika nyumbani.

Saa akairudisha ukutani mahali pake. Imesimama tisa kasoro dakika saba.

Tukasubiri chumba kikauke. Dakika tano, saba, kumi. Mama Funguo anasoma kipimajoto, mimi napima hewa kwa mgongo wa kiganja. Mkurugenzi akatazama saa yake ya dhahabu, akasimama.

"Ni tisa na dakika tano," akasema. "Dirisha limefungwa. Nigongee barua yangu."

Bwana Dirisha hakumtazama. "Kanuni inasema dirisha litafungwa saa ya ukutani ikifika tisa."

"Imesimama hiyo."

"Ndiyo. Haijafika."

"Mzee, unajua unaongea na nani? Mimi nina saa hapa, inasema tisa na dakika tano."

"Saa yako ni yako, mheshimiwa. Ya serikali ni ile."

Msomaji, miaka thelathini nimepigwa na kanuni. Nimenyimwa kipuri kwa kanuni, nimepewa onyo kwa kanuni, mke wangu ameitwa kutoka kaburini kwa kanuni. Kumbe nayo ina mkono wa pili. Siku ile ilipiga upande ule mwingine, na sauti yake ilikuwa nzuri.

"Sasa," nikasema.

Mama Funguo akafungua kisanduku. Hati ikatoka. Tukaizunguka wote bila kupumua, maana pumzi nayo ina maji. Ikang'aa kidogo kwenye kona moja. Ikaacha. Bwana Dirisha akasoma namba, tarakimu kwa tarakimu. Akalinganisha saini ya kwanza. Akafika kwenye mkia wa nyoka, akaweka kioo cha kukuzia.

"Mkia huu umenenepa," akasema.

Mama Funguo akachungulia kipimajoto, akaandika.

Akamgeukia Mkurugenzi. "Mheshimiwa, bahati nzuri upo. Hii ni saini yako?"

Ulikuwa mtego mtamu kuliko wote. Akisema si yake, ripoti tatu zenye mkia ule ule ziko mezani. Akisema ni yake, barua yake imekufa. Akaikunja barua yake mara mbili.

"Ni yangu," akasema.

Mhuri ukagongwa. Niliusikia mpaka kwenye magoti.

Mama Funguo akaketi juu ya kisanduku, akatoa daftari, akaandika: *nyuzi sita, bahasha imefika, hali nzuri.* Tone moja likaangukia ukurasa. Nikampa leso yangu, akaitazama ilivyo chafu, akaitumia.

Bwana Dirisha akatuma taarifa kwenye kompyuta yake. Na Mkurugenzi? Alikuwa ameshachana barua, ameshatoka mlangoni, ameshapiga simu, na kifua kimerudi. "Ndiyo, tumelipa. Nimelisimamia mwenyewe hatua kwa hatua," tukamsikia anawaambia wafadhili. "Kweli? Mzigo wa chanjo umekuwa uwanja wa ndege huko kwenu wiki mbili unasubiri sisi tu? Unapaa leo? Kesho saa mbili asubuhi unatua." Akacheka kile kicheko cha wakubwa. "Chumba cha baridi kiko tayari, asilimia mia."

Nikampigia binti yangu. "Mwambie mchumba wangu asiende popote," nikasema. "Keshokutwa anachomwa."

"Baba, una nini? Mbona sauti yako ina furaha?"

"Ni baridi, mwanangu. Nimekaa kwenye baridi."

Nikakata, na simu ikaita tena kabla sijaiweka mfukoni. Karani. Nyuma ya sauti yake nilikisikia king'ora.

"Mzee," akasema. "Kinalia. Nikadhani umerudi unatania, nikafungua mlango nikuchungulie kwapani."

"Mimi niko Hazina."

"Ndiyo nimeona. Humu hamna mtu. Mashine ya baridi imenyamaza kabisa, kipimajoto kinasoma kumi na tisa na kinapanda."

Mama Funguo alikuwa ameshasimama, funguo mkononi, anasoma uso wangu kama anavyosoma kipimajoto. Nikainua macho kwenye saa ya ukutani, ile ya serikali. Kwake ilikuwa bado tisa kasoro dakika saba. Kwa ile ndege ya chanjo zilikuwa zimebaki saa kumi na sita na nusu.